Operesheni ya kuzaa: jua sababu yako mapema, ujipange kabla uchungu haujaanza

Pemba hapa ukitaja kisu kwenye nyumba yenye mja mzito basi kila mtu anageuka daktari. Mkwe atasema wanawake wa siku hizi hawataki kusukuma, shoga atasema madaktari hawana subira, jirani atasema hilo ni jicho, kaandikiwe kombe, yani aya zinazoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Kombe kunywa, haligombani na dawa, ila isiwe asubuhi ya kuingia thieta, chumba cha operesheni, mana siku hiyo hata maji yana saa zake. Mimi niko wodi ya wazazi miaka sasa, na nnavyoona anayetaabika zaidi si yule aliyepasuliwa, ni yule aliyeambiwa usiku wa manane na hakuwa na habari yoyote, bwana ake yuko dago, kambi ya uvuvi, simu haipatikani, damu haijatafutwa, na mamake anauliza mlangoni "kwani mwanangu kafanya nini".

Operesheni yoyote ile ina sababu, na sababu ina jina. Kwa hiyo ukiambiwa utapasuliwa uliza mambo mawili tu, sababu ni ipi, na je inasubiri au haisubiri. Mkunga hatokasirika, na akikasirika uliza tena.

Zile zinazojulikana bado unakwenda kliniki kwa miguu yako

Nianze na kovu la zamani mana ndo linalowachanganya wengi. Kama ulishapasuliwa mara moja si lazima upasuliwe tena. Mwenye kovu moja la chini, lile la kulala, na sababu ya mara ile haijarudi (tuseme yule wa kwanza alitanguliza matako, huyu wa sasa katanguliza kichwa), anaweza kujaribu kuzaa kawaida na wanaofanikiwa ni kama 7 katika kila 10. Hatari yake ni kovu kufunguka katikati ya uchungu, inampata kama mmoja kati ya 200, ni wachache lakini likifunguka mnaweza kuondoka mama na mtoto wote wawili, ndo mana jaribio hilo hufanyiwa spitali yenye thieta tu, si nyumbani wala kituo kidogo. Na mwenye kovu asinywe dawa ya kuongeza uchungu, iwe ya mitishamba iwe ya dukani, hapo ndo makovu yanapofunguka. Mwenye makovu mawili kwenda mbele mara nyingi hupangiwa tarehe moja kwa moja, na mwenye kovu la kusimama kwenye mfuko wa uzazi huyo hajaribu kabisa.

Angalia nimesema kwenye mfuko wa uzazi. Mshono wa kwenye ngozi haukwambii kitu, nje unaweza kuwa wa kulala na ndani umesimama, au kinyume chake, kinachojua ni ile karatasi uliyopewa siku unatoka. Nnawauliza kina mama kila wiki, karatasi iko wapi, najibiwa imo kwenye kabati kwa mama, au watoto wamechezea.

Aliyetolewa uvimbe wa kizazi, faibroidi wanaziita, naye ni mwenye kovu hata kama hajawahi kuzaa, na mara nyingi hupasuliwa akiwa alikatwa ndani sana. Aliyewahi kushonwa fistula (lile tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu) pia, huyo asijaribu kusukuma, aseme kliniki siku ya kwanza kabisa asione haya, mana akikaa kimya anakuja kuharibu kazi yote iliyofanywa.

Halafu kondo. Skani ya wiki 20 ikisema kondo liko chini usianze kulia, mfuko unavyokua kondo nalo hupanda, na kwa wengi likifika wiki 32 au 36 huwa limeshaondoka njiani, unachotakiwa ni kurudi kupima tena. Likibaki limefunika mlango hapo hamna mjadala ni operesheni, kwa sababu mlango ukianza kufunguka kondo linabanduka na damu inayomwagika ni yako wewe. Dalili yake ni damu mbichi nyekundu inayokuja bila maumivu, mara nyingi baada ya miezi saba. Ikikutoka nenda spitali hata kama imekata yenyewe, na asikutie mtu kidole, si bibi wala mkunga, mpaka skani iseme kondo liko wapi. Na mwenye kovu la operesheni ambaye kondo limekaa chini mbele, juu ya kovu lile lile, huyo aangaliwe kwa makini mno, mana linaweza kuwa limeota ndani ya kovu na operesheni yake inataka damu nyingi na madaktari wenye uzoefu, bora afanyiwe spitali kubwa hata ikibidi avuke Unguja.

Mtoto kukaa vibaya. Wengi hugeuka wenyewe, mimba ikitimia wanaobaki wametanguliza matako ni kama 3 au 4 kati ya 100. Hapa ndo bibi zetu wanapoingia na mafuta ya nazi. Kuna bibi kaja na mjukuu wake, wiki 34, kakaa kitako kwenye benchi kabla sijamkaribisha.

"Mwanangu, huyu si wa kukatwa. Ntamkanda siku tatu atageuka, mamake mwenyewe nlimgeuza mie."

"Bibi shikamoo kwanza."

"Marahaba. Ntamkanda."

"Bibi yangu wiki bado zipo, huenda akageuka mwenyewe. Kumkanda tumbo naomba usimkande, kondo lake hatujalijua limekaa wapi."

"Na akikataa kugeuka?"

"Akifika wiki 37 kuna daktari anaweza kumgeuza kwa mikono, skani iko pembeni, anasikiliza moyo wa mtoto, na thieta iko tayari."

"Kumbe na nyie mnakanda!"

Nikakosa la kumjibu mana kwa kweli ndo huko huko, tofauti ni hiyo skani na hiyo thieta. Kugeuzwa kwa mikono hufanikiwa karibu nusu ya wanaojaribiwa, lakini si kila spitali ina mtu wa kazi hiyo, na mwenye kondo la chini au mapacha haguswi. Akibaki matako, wengi hupangiwa operesheni hasa kwa mimba ya kwanza. Aliyekingama, yani kalala kwa ubavu, akibaki hivo hana njia nyingine ya kutoka, usikubali kukaa nae kijijini ukisubiri uchungu.

Mapacha peke yao si sababu. Wa kwanza akiwa katanguliza kichwa unaweza kuzaa kawaida, wa kwanza akiwa matako au kakingama ni thieta, na wale wanaokaa chupa moja pia ni thieta. Mwenye sukari ambaye mtoto anakadiriwa kilo 4 na nusu au zaidi ataambiwa hivo hivo, mana mabega yanaweza kukwama. Mwenye virusi vya ukimwi anayekunywa dawa zake vizuri na virusi vimeshuka anazaa kawaida, operesheni ni kwa yule ambaye kipimo cha mwisho bado kiko juu. Na malengelenge ya sehemu za siri yakikutokea mara ya kwanza mimba inakaribia kutimia, sema, usifiche, yanaweza kumuua mchanga akipita njia ya kawaida.

Zile zinazokuja leba

Hizi huwezi kuzipangia tarehe, ila unaweza kuzijua ili zisikushangaze.

Ya kwanza ni uchungu kutosogea. Ukifika leba utaona tunajaza karatasi yenye mistari, patografu, kila ukipimwa tunaandika njia imefunguka sentimita ngapi, kichwa kimeshuka kiasi gani, moyo wa mtoto unapiga vipi. Mstari wako ukianza kupotea tunajaribu kwanza vitu vyengine, kutembea, kukojoa, kuvunja chupa, dripu ya uchungu kwa asiye na kovu. Kama uchungu ni mzuri na njia bado imegoma, au imefunguka yote na mtoto hashuki, basi kichwa na nyonga havikupatana, au kakaa amegeuza uso. Hapo ukiendelea kusukuma siku nzima ndo unapata fistula, mana kichwa kinakandamiza kibofu mpaka nyama inakufa, na mtoto mwenyewe anachoka. Huo si uvivu wa mama. Mtu kasukuma saa tatu mtoto hajashuka hata kidogo halafu wifi ake yuko dirishani anasema hajui kusukuma, wallahi hua natamani nifunge dirisha.

Ya pili ni mtoto kuchoka. Moyo wake kawaida unapiga 110 mpaka 160 kwa dakika, ukishuka na ukakaa chini, au unashuka kila uchungu ukipita na unachelewa kurudi, huyo anakosa hewa. Maji ya chupa yakiwa ya kijani kibichi mazito, yani keshakunya humo ndani, tunamuangalia zaidi, ila maji ya kijani peke yake na moyo mzuri si lazima thieta.

Kitovu kutangulia ndo cha kukimbilia kuliko vyote. Chupa inapasuka, kitovu kinateremka mbele ya mtoto, kichwa kikishuka kinakibana na hewa inakatika. Ikikutokea nyumbani ukaona au ukahisi kitu laini kimetokeza, usikirudishe na usisimame, piga magoti, kifua chini makalio juu kama aliyesujudu, na upelekwe spitali hivo hivo, ukishindwa lala ubavu na mto chini ya kiuno. Operesheni ya haraka ya namna hii lengo ni mtoto awe katoka ndani ya dakika 30 tangu iamuliwe, na wewe uko Konde au Kojani, fikiria mwenyewe.

Kondo kubanduka kabla ya wakati nako hakungoji. Tofauti na lile la chini, hili lina maumivu makali, tumbo linakaza gumu halilegei, na damu inayoonekana inaweza kuwa kidogo tu kwa sababu nyingi imebaki ndani. Mwenye presha na aliyeanguka au aliyepigwa tumboni ndo wa kuogopewa zaidi.

Presha yenyewe na kifafa cha mimba watu wanadhani ni operesheni moja kwa moja, sivyo. Presha ikifika 140 kwa 90 na mkojo una protini tunakufatilia, ikifika 160 kwa 110 ni hatari, na ukiumwa kichwa kisichopoa, macho yanaona ukungu, au maumivu chini ya mbavu za kulia, usingoje siku ya kliniki. Kwanza tunakupa dawa ya presha na sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, ukitulia ndo tunaangalia mtoto atoke vipi, njia ikiwa tayari unaanzishiwa uchungu unazaa kawaida, ikiwa bado na hali haingoji basi thieta. Aliyeshikwa na kifafa hapelekwi kwa mganga kutolewa shetani, naomba hili limfikie kila mtu.

Ambazo si sababu

Kuvaa miwani. Kuwa mfupi, kama mtoto anapita anapita. Umri wa miaka 35 peke yake. Kitovu kuonekana shingoni kwenye skani, watoto wengi tu wanazaliwa nacho shingoni, karibu mmoja kati ya wanne au watano, tunakitoa pale pale kwa kidole. Kupitisha tarehe, hapo kwanza unaanzishiwa uchungu. Uvimbe mdogo wa kizazi usioziba njia. Na tarehe nzuri ya kuzaliwa mtoto jamani.

Nasema hivi kwa sababu malalamiko ya watu kwamba siku hizi wanapasua mno hayako bure. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 1985 kwamba haioneshi haja ya kuzidi asilimia 10 mpaka 15, na 2015 likarudia kwamba ukiangalia nchi nzima, ikishapita asilimia 10 vifo vya mama na watoto haviendelei kupungua kwa sababu ya kupasua zaidi. Lakini hiyo ni hesabu ya nchi, haikwambii kitu kuhusu wewe na mtoto wako aliyekingama, usije ukaitumia kumkatalia daktari leba. Pahala pa kubishana ni kliniki, wiki 34, mtoto anacheza vizuri na wewe una muda wa kwenda kuuliza spitali ya pili.

Kujipanga

Jua thieta ilipo. Vituo vya vijijini vinazalisha vizuri tu ila havina thieta, utapewa rufaa kwenda Wete, Chake au Abdulla Mzee pale Mkoani, na ikiwa nzito zaidi Mnazi Mmoja Unguja. Mtumbatu atavuka mpaka Mkokotoni ndo atafute gari ya kwenda Kivunge. Kama una sababu hata moja katika zile za mwanzo na unakaa Kojani, Makoongwe, Kisiwa Panza au Tumbatu, usiusubiri uchungu ukiwa huko. Maji yakipwa mashua haiji mpaka pale unapotaka, na usiku nahodha hapatikani kirahisi. Hamia kwa ndugu mjini mimba ikifika wiki 37 au kabla kama daktari kasema, kaa kwa shangazi umsaidie kukuna nazi, si aibu.

Zungumza na bwana ako mapema, tena kabla hajenda dago. Fomu ya ridhaa unatia saini mwenyewe ukiwa na akili zako, lakini kwetu nnajua ilivyo, watu wanataka mume aseme ndio, basi aseme akiwa nyumbani, mbele ya mamake, kwamba ikibidi ifanywe asisubiriwe. Hilo limeshaokoa saa nyingi. Mchague na mtu mmoja wa kupigiwa simu, mmoja, si wote kumi na kila mtu na lake.

Damu. Jua gurupu lako, limeandikwa kwenye kadi, na kama ni hasi uliza habari ya sindano yake. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku hata kama vinakupa kinyesi cheusi, mana kwenye operesheni kupoteza mpaka lita moja ni jambo linalotarajiwa, mara mbili ya anayezaa kawaida, na aliyeingia na damu ndogo hana pa kupotezea. Tafuta ndugu wawili watatu wenye afya walio tayari kuitwa benki ya damu.

Ikiwa ni ya kupangiwa, kwa kawaida huwekwa wiki 39 kama hamna sababu ya kuwahisha, kabla ya hapo mapafu ya mtoto yanasumbua. Chakula unaacha masaa sita kabla ya operesheni, maji matupu masaa mawili kabla, ila fata saa utakazopewa na wodi yako. Hina ya miguuni haina neno, ya kwenye kucha iache mana kile kidude cha kupima hewa kinabanwa kidoleni. Dhahabu vua mwachie mamako. Mabuibui na kanga, njoo na kanga nyingi kuukuu zilizo safi, na pamba, na nguo za mtoto, na kikombe.

Wengi wanadungwa sindano ya mgongo, unakuwa macho, chini ya kifua hujui kitu, utahisi kuvutwa vutwa lakini si maumivu, ukihisi maumivu sema. Sindano ile haimpoozeshi mtu kiuno maisha, kichwa kinaweza kukuuma siku chache. Mtoto anatoka ndani ya dakika kama 10 za mwanzo, kinachochukua muda ni kushona, jumla karibu saa nzima. Baba akitaka kumuadhinia mtoto aseme mapema, tunampa nafasi mlangoni mtoto akishafutwa na kupimwa.

Ukishatoka thieta

Ziwa ndani ya saa ya kwanza kama wote mko salama, mtoto anawekwa ubavuni ili asikanyage mshono. Mpira wa mkojo unatolewa ndani ya siku moja hivi, na hapo hapo tunakuinua utembee, inauma, tutakuinua tu, mana damu ikiganda mguuni ikapanda kifuani ndo hao wanaokufa ghafla siku ya tano. Uji wa pilipili manga kunywa. Mkaja, kile kitambaa cha kufunga tumbo, mwepesi wa kukushikilia ukikohoa sawa, ule wa kukazwa na watu wawili ngoja. Na mkandaji wa maji ya moto, huyu mweleze kabisa kwamba miguu na mgongo ruhusa, tumbo asiliguse, kuna mshono nje na mwengine ndani ambao yeye haoni. Kidonda kikae kikavu, usitie asali wala majivu wala dawa ya meno. Kwa wiki sita usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto, ndoo ya maji na mkungu wa ndizi wabebe wengine.

Rudi spitali bila kungoja arubaini ishe ukiona homa, usaha au mshono unafunguka, maji ya uzazi yananuka, damu inalowesha kanga moja baada ya nyengine, mguu mmoja umevimba na unauma, pumzi inakata, au kichwa na macho ukungu, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja hata ukishazaa.

Mimba nyengine ngoja angalau mwaka mmoja na nusu, miwili ndo bora, uzazi wa mpango uulize kabla hujaondoka, kitanzi kinaweza kuwekwa pale pale thieta ukiwa umeridhia. Na siku ya kutoka usikubali karatasi iliyoandikwa "operesheni" tu, iwe na sababu yake, kovu la ndani ni la kulala au kusimama, na tarehe. Ipige picha pale pale kitandani, mtumie mumeo, mtumie mamako, mtumie na dada ako mmoja asiyebadilisha simu kila mwezi.